Tuisheni ya kingereza Mwanjelwa, mwezi mmoja ndani

Jamani kwa wanaotaka kingereza cha kuongea, hii tuisheni ya jioni huku Mwanjelwa, Mbeya, mi naikubali, ticha hakukaririshi madude, anakwambia tu haya simulia jana ilikuwaje. Nikaropoka "I go Uyole and rain start", darasa zima kicheko. Akaniandikia "I was going to Uyole when it started to rain", yaani kumbe was going ndo "nilikuwa naenda" yetu, na started ndo ile "mvua ikaanza", hapo nikashtuka! Ila "the bajaji had left" bado inanipiga chenga, ingawa "ilikuwa imeshaondoka" nasema kila siku stendi. Kasoro dirisha halina kioo, na baridi hii ya mwezi wa 6, njoo na koti zito.