Uholanzi au Ubelgiji: uhamie wapi?

Kwa tumbo, Ubelgiji haina mpinzani: chipsi hukaangwa mara mbili, na mwenyeji hakuachi uondoke na njaa. Mholanzi anakupa kahawa na biskuti moja, kisha anafunga kopo. Kwenye sherehe ya kuzaliwa mnakaa duara, nawe unampongeza kila mtu, hadi shangazi wa mhusika!

Usafiri, Uholanzi: baiskeli ina barabara yake.

Serikali? Ubelgiji ilikaa siku 541 bila serikali kamili, 2010 hadi 2011, na chipsi ziliendelea kukaangwa.

Mholanzi atakwambia usoni shati lako baya. Mbelgiji atatabasamu, ubaki kubahatisha. Asiyeumizwa na maneno aende Utrecht, Uholanzi. Mpenda kula, hasa Mkongo mwenye Kifaransa chake, aende Ubelgiji: Brussels ina Matonge, mtaa wa Wakongo.