TAHADHARI: Mwenye duka anayeshika kadi za Inua Jamii kuwa rehani

Ninaandika kuwatahadharisha wazee wanaopokea fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wazee fedha za kujikimu, na hasa watoto na wajukuu wanaowatunza, kuhusu biashara inayoendeshwa katika kituo kimoja cha soko huku kwetu Kaunti ya Kilifi, na ambayo, kwa maelezo ya jamaa zetu walioko Kwale, haiko kwetu pekee. Mwenye duka huwakopesha wazee fedha au bidhaa kabla malipo hayajaingia, kisha hushika kadi ya benki pamoja na nambari ya siri, na mara nyingine kitambulisho, mpaka deni liishe. Deni lenyewe haliishi. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa malalamiko yameshafikishwa kwa chifu, lakini jinsi anavyofanya kazi inafaa ijulikane na kila mtu.

Tuanze na fedha zenyewe, kwa sababu ulaghai huu umejengwa juu ya namna zinavyolipwa. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hakijapanda tangu mpango wa wazee wote waliotimiza miaka 70 ulipoanza kulipa mwaka 2018. Ingawa hesabu ni ya mwezi, mara nyingi fedha zimekuwa zikitolewa kwa miezi miwili pamoja, yaani shilingi 4,000, na Hazina ya Taifa ikichelewa kuzitoa, malimbikizo ya miezi mitatu au minne huja kwa mkupuo. Mzee anayejipangia kwamba tarehe fulani atakuwa na shilingi 2,000 mkononi hujikuta hana unga wala nauli ya kwenda kliniki, na hapo ndipo mwenye duka humwita kwa upole: "Mama, kwa nini ulale njaa na pesa zako zinakuja?"

Masharti yake ni mepesi kuyasikia. Anatoa shilingi 3,000 leo, na malipo yakiingia anachukua 4,000. Neno riba halitajwi kamwe, kwa kuwa ile 1,000 huitwa asante. Mzee akishazoea, huchukua tena na tena, na kwa malipo sita ya mwaka huwa ameacha dukani shilingi 6,000 kati ya 24,000 alizostahili, ambazo ni malipo ya miezi mitatu mizima. Wanaochukua bidhaa badala ya fedha hawako salama zaidi, maana pakiti ya unga inayouzwa shilingi 140 kwa mwenye fedha taslimu niliiona imeandikwa 180 kwenye daftari, na mzee asiyejua kusoma hutia alama ya kidole bila kuuliza.

Kadi zenyewe nimeziona. Zimefungwa kwa mpira ndani ya droo ya kaunta, na kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la kwanza la mzee na tarakimu nne za siri zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Yeyote anayebaki dukani, hata kijana wa kupima sukari, anaweza kuzichukua na kwenda kutoa fedha kwa wakala wa benki.

Hasara kubwa zaidi hutokea malimbikizo yanapolipwa. Shangazi yangu alikuwa na deni la shilingi 4,000. Serikali ilipolipa miezi minne pamoja, mwenye duka alimwambia kwamba imeingia miwili tu, kwa hiyo deni limelipika na hakuna kilichobaki. Tulishtuka baada ya jirani yake, mzee mwenzake ambaye kadi yake haitoki nyumbani, kutuonyesha risiti ya shilingi 8,000. Nilimpeleka shangazi kwenye tawi la benki akaomba taarifa ya akaunti, nayo ikaonyesha kwamba fedha zote zilitolewa siku hiyo hiyo zilipoingia. Mwenye duka alipowekewa karatasi ile mbele yake alizirudisha shilingi 4,000 zilizozidi, huku akisema alikuwa "amemwekea". Wangapi wamewekewa namna hiyo na hawana mtu wa kuwapeleka benki, Mungu ndiye ajuaye.

Wale wanaopokea kwa simu wasidhani wamesalimika. Rehani kwao imekuwa laini ya simu yenyewe, na mwenye kushika laini na pini ameshika akaunti. Kwa wanaotumia M-Pesa, taarifa fupi ya akaunti hupatikana kwa kubonyeza *334#, na ni vyema mjukuu mwaminifu aitazame pamoja na mzee kila malipo yanapotangazwa. Kwa wakala wa benki, mzee akiambiwa kwamba mtandao umekataa na aweke kidole mara ya pili, aombe kwanza risiti ya jaribio la kwanza, maana wako mawakala ambao huzitoa fedha zote kwa kidole cha kwanza. Ujumbe wa kudai shilingi 300 za "kuhuisha usajili" ili jina lisifutwe nao ni wizi mtupu, kwa sababu usajili wa Inua Jamii haulipiwi.

Siwezi kudai kwamba shilingi 2,000 zinamtosha mzee kwa mwezi, kwa sababu hazimtoshi, na lawama ya ucheleweshaji si ya wazee. Hata hivyo kuna upangaji unaomnyima mkopeshaji nafasi. Sisi nyumbani sasa tunazihesabu zile 4,000 kuwa ni za miezi mitatu badala ya miwili. Siku zinapoingia tunanunua kwanza unga, maharagwe na mafuta ya kupikia kwa fedha taslimu, tunatenga nauli ya kliniki ya presha, kisha shilingi 500 zinapelekwa kwenye chama cha akina mama zikakae huko. Baada ya malipo machache, akiba hiyo ndiyo inayoziba pengo ambalo mwenye duka alikuwa analiziba kwa 3,000 zake. Ikilazimu kukopa, chama chetu hutoza shilingi 10 kwa kila 100, kwa hiyo mkopo wa 3,000 hurudishwa kwa 3,300, na hakuna anayeomba kadi.

Mzee asiyeweza kutembea ana haki ya kuwa na mlezi aliyesajiliwa wa kumpokelea, na mabadiliko ya mlezi hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Mlezi awe mtu wa nyumbani. Asiwe mwenye duka, wakala wala mtu yeyote anayemdai.

Kwa waliokwisha kuacha kadi zao, msiende kugombana dukani. Mpelekeni mzee benki akiwa na kitambulisho, kadi ya zamani ifungwe, apewe nyingine na achague nambari mpya ya siri ambayo haitaandikwa popote. Kama kitambulisho nacho kimeshikwa, anzeni kwa chifu, kwa sababu bila hicho benki haitawahudumia. Deni halali lilipwe kwa fedha mkononi, mbele ya mzee wa kijiji, na lifutwe kwenye daftari mkiwa mnatazama. Malalamiko hupokelewa na chifu, na afisa wa maendeleo ya jamii, na kwa simu ya bure 1533. Fanyeni hivyo sasa, kabla ya malipo mengine kutangazwa, kwa sababu siku ya malipo foleni ya benki hufika barabarani, na mwenye duka huwa ameshafika kwa wakala tangu alfajiri.