Kielelezo cha Pafu Lenye Emfisema: Mpira ni Mzuri, Kijitabu Kina Kasoro

Kielelezo hiki cha kufundishia kina mapafu mawili ya mpira laini yaliyopasuliwa katikati, moja zima na jingine lenye emfisema (ugonjwa unaobomoa kuta za vifuko vya hewa), pamoja na kijitabu cha maelezo. Nimekitumia darasani muhula mzima, na kwa upande wa mpira sina lawama kubwa. Ukilibonyeza pafu zima kisha ukaliachia, hurudia umbo lake papo hapo. Lile jingine hubaki limebonyea, na ndani yake yanaonekana matundu mapana mahali ambapo vifuko vya hewa vilipaswa kutenganishwa na kuta nyembamba. Wanafunzi walielewa kwa vidole vyao kwa nini mgonjwa hutaabika kutoa hewa.

Kasoro imo katika kijitabu. Ukurasa wa kwanza unadai kwamba moshi wa sigara huunguza kuta za vifuko, ilhali kinachozimega kuta hizo hasa ni vimeng'enya vya mwili wenyewe. Moshi huzivuta neutrofili na makrofaji, ambazo ni seli za kinga, hadi kwenye pafu. Neutrofili humwaga kimeng'enya kiitwacho elastasi, ambacho hukata elastini, yaani nyuzi zinazolipa pafu uwezo wa kunywea. Kwa kawaida elastasi hudhibitiwa na alfa-1 antitripsini, protini ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika ini na kufika mapafuni kwa njia ya damu. Lakini kemikali za moshi huoksidisha methionini (mojawapo ya asidi amino, viungo vya protini) iliyo katika nafasi ya 358 ya protini hiyo, ikashindwa kuidhibiti elastasi ipasavyo. Kwa hiyo moshi huongeza wavamizi na wakati huohuo humfunga mlinzi mikono.

Ukurasa wa historia, kwa haki, umeandikwa vizuri. Unaeleza jinsi Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson wa Uswidi walivyoripoti mwaka 1963 kuhusu watu 5 ambao damu yao haikuonyesha mstari wa alfa-1, yaani alama ya antitripsini katika kipimo cha kutenganisha protini za damu, na 3 kati yao wakiwa na emfisema. Unataja pia papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai (ndiyo, kile kile kinacholainisha nyama), ambacho kilipotiwa katika mapafu ya panya kiliwasababishia ugonjwa huo.

Nilichokikosa ni makrofaji, ambazo zimepewa sentensi moja tu. Panya wasio na jeni ya MMP-12, kimeng'enya cha makrofaji, hawakupata emfisema hata walipovutishwa moshi kwa miezi, na vipande vya elastini iliyokatwa huita seli nyingine zaidi, uharibifu ukajiendeleza. Aidha, matundu ya mpira yamewekwa sehemu ya juu pekee, kama ilivyo kwa wavutaji wengi, ilhali wenye upungufu wa kurithi wa antitripsini huathirika zaidi sehemu ya chini.

Kwa sasa nimebandika karatasi yangu juu ya ukurasa wa kwanza, na mpira naendelea kuutumia.