Agfa Isolette II: anza na mvukuto, lenzi baadaye

Isolette II ni kamera ya kukunja ya miaka ya 1950. Inatumia filamu ya 120 (filamu pana ya kuviringisha), inatoa picha 12 za sentimita 6 kwa 6, na ikikunjwa inaingia mfuko wa koti. Ninayotumia ina lenzi ya Apotar ya milimita 85, tundu lake kubwa kabisa la mwanga likiwa f/4.5, na shata (kile kinachofunguka kupitisha mwanga) ya Prontor-S. Wauzaji huandika "inafanya kazi", wakimaanisha shata inalia. Sawa, lakini kinachoziua kamera hizi kwa uzee si shata. Ni mvukuto uliotoboka na grisi iliyoganda.

Mvukuto, ile sehemu ya mikunjo kama kodiani, hutoboka kwenye pembe za mikunjo. Ingia chumba chenye giza totoro, fungua mgongo wa kamera, vuta lenzi mpaka ijifunge, kisha ingiza tochi ndogo ndani. Subiri dakika mbili macho yazoee. Kila tundu litang'aa kama nyota. Isogeze tochi kila upande, kwa sababu tundu la pembeni hujificha mwanga ukitokea upande usio wake. Matundu mawili matatu yazibe kwa rangi nyeusi ya akriliki ya kupaka vitambaa, tabaka nyembamba, uiache saa 24 kamera ikiwa wazi. Ukipaka nene mikunjo inagandana. Yakiwa mengi zaidi ya hapo, weka mvukuto mpya, hata kama bei yake inaikaribia ya kamera. Viraka vya rangi hupasuka tena palepale panapokunjwa.

Sasa fokasi, yaani kupanga umbali ili picha iwe wazi. Pete ya fokasi kwenye lenzi ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Kioo cha mbele huzunguka kwenye hesi iliyopakwa grisi ya kijani, na grisi hiyo ikizeeka inakuwa gundi. Ukitumia nguvu, kioo cha mbele kinakivuta cha kati, na hicho cha kati kinaanza kufunguka kutoka kwenye shata. Hapo pete inazunguka laini kabisa, mnunuzi anafurahi, na picha zote zinatoka na ukungu.

Legeza skrubu tatu ndogo za ukingoni mwa pete nusu mzunguko tu, usizitoe, kisha nyanyua pete. Chora alama kwenye fremu ya kioo cha mbele, ya kati, na kwenye shata. Fungua vioo viwili kwa pamoja kinyume cha saa, uviloweke usiku mzima katika petroli ya kujazia viberiti vya sigara, mbali na moto. Asubuhi shika kila fremu kwa kipande cha mpira, uzungushe. Vikigoma, vikaushe kabisa, vipashe moto kwa drayer ya nywele, ujaribu tena. Apotar ina vioo vitatu vilivyotengana, hakuna vilivyogandishwa pamoja, kwa hiyo petroli haina gundi ya kuharibu. Tia alama pale hesi zinapoachana. Safisha grisi yote, paka mpya kidogo sana. Ikizidi itahamia kwenye bapa za shata.

Ukirudisha kioo cha kati, kikaze mpaka mwisho. Halafu panga umbali upya: bandika solotepu ya ukungu isiyong'aa juu ya reli za ndani, zile filamu inapolalia. Reli za nje ni za bamba la kukandamiza, na ukizikosea vipimo vyote vinahama. Weka shata kwenye B (inabaki wazi muda wote unaobonyeza), tundu la lenzi f/4.5, ishikilie kwa waya wa kufyatulia wenye kifungio. Lenga mnara ulio mbali kilomita moja au zaidi, tazama solotepu kwa kioo cha kukuza, zungusha kioo cha mbele mpaka mnara ukae wazi. Rudisha pete ikiwa kwenye ∞ (alama ya umbali usio na mwisho), kaza skrubu.

Shata yenyewe naisumbukia kidogo. Kasi za chini zikikwama, kwa kawaida ni mafuta makavu kwenye gia. Ipime kwa video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde: 1/25 iwe karibu fremu 10. Kasi za juu simu haiwezi kuzipima. Kijiti cha shata kinachoichelewesha ili ujipige picha mwenyewe usikiguse; kikikwama katikati, shata nzima inagoma. Na kitufe cha juu kikikataa kubonyezeka, zungusha kwanza nobu ya filamu kabla ya kudhani imeharibika: kinazuia picha mbili juu ya moja.

Ukianza kupiga, fungua kamera kwanza, ndipo uvute filamu. Mvukuto ukifunguka haraka unanyonya hewa na kuitoa filamu kwenye usawa wake, ukalaumu lenzi bure. Kidirisha chekundu cha nyuma kizibe kwa tepu nyeusi, ukifunue kivulini tu wakati wa kusoma namba ya picha.