Mlonge sokoni Dodoma: ununue upi kwanza, upi uuache

Mlonge hapa Dodoma unauzwa kwa sura nyingi: majani mabichi, unga kwenye vifuko vya nailoni, mbegu, mafuta kwenye vichupa, majani ya chai na vidonge. Kila muuzaji atakuambia unatibu magonjwa mia tatu. Orodha ya hayo mia tatu sijawahi kuiona, na mwongozo huu hauihusu. Hapa naupanga mlonge kama chakula, kwa kuangalia mambo mawili: ni kiasi gani cha vilivyomo kwenye jani bado kimo ndani ya unachonunua, na kila gramu inakugharimu shilingi ngapi.

Tuanze na jani lenyewe. Gramu 100 za majani mabichi zina takriban gramu 9 za protini, miligramu 185 za kalsiamu, miligramu 4 za chuma na miligramu 50 hivi za vitamini C. Zimo pia beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kemikali za mimea kama kwesetini na asidi ya klorojeniki. Lakini kinachoutofautisha mlonge na mchicha ni glukosinoleti. Ndani ya jani hukaa kando na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Ukilitafuna au kulitwanga jani, viwili hivyo hukutana na kutengeneza isothiosianeti, ule ukali unaouma ulimi. Watafiti wengi wanaufuatilia ukali huo kwa uwezo wake wa kupunguza uvimbe mwilini, ingawa kazi kubwa imefanyika maabara na kwa wanyama kuliko kwa watu. La kushika hapa ni moja: moto hukiua kimeng'enya, na jua kali huila beta-karotini na vitamini C. Kwa hiyo namna jani lilivyoshughulikiwa baada ya kuchumwa ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti.

Nafasi ya kwanza: majani mabichi

Hakuna kinachoyashinda, na ndiyo ya bei nafuu kuliko vyote. Chukua matawi yenye majani ya kijani kibichi yasiyo na manjano, yaliyochumwa asubuhi hiyohiyo. Mlonge hunyauka haraka, na ukishalegea mkononi vitamini C imeanza kupungua. Vua majani kwenye vijiti, yaoshe, yatwange au yakatekate, uyaache dakika chache kimeng'enya kifanye kazi yake, ndipo uyatie jikoni. Ukiyaunga kwa karanga, nafuu zaidi, kwa sababu beta-karotini huhitaji mafuta ili mwili uipokee.

Matunda machanga, yale marefu membamba, nayo ni mboga. Wahindi huyakata vipande na kuyapika kwenye mchuzi, na Wazungu husema ladha yake inakaribia asparagasi. Ukiyakuta yangali laini, yanayokatika bila kutoa nyuzi, nunua bila kusita.

Mwenye uwanja anunue mche au mbegu apande. Mlonge asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, upande wa India na Pakistani, na unavumilia ukame kiasi cha kulizoea eneo letu linalopata msimu mmoja tu wa mvua. Unachokataa ni maji yaliyotuama kwenye mizizi. Ukiupanda mwanzoni mwa mvua, baada ya miezi michache unaanza kuchuma. Ukate ncha mapema utoe matawi mengi, la sivyo utakwenda juu na utahitaji ngazi.

Nafasi ya pili: unga wa majani, ukiwa umekaushwa vizuri

Hapa ndipo wengi hununua, na ndipo wengi hupigwa. Unga mzuri ni chakula cha maana: maji yakishatoka, protini hufika gramu 25 au zaidi katika kila gramu 100, na kalsiamu huwa karibu miligramu 2,000. Vitamini C ndiyo imekwenda na maji, usiihesabu.

Kabla hujavutiwa na tangazo la "kalsiamu mara kumi na saba ya maziwa", piga hesabu. Hilo ni gramu 100 za unga mkavu dhidi ya gramu 100 za maziwa yenye maji yake. Nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku? Kijiko kikubwa kilichojaa ni gramu 8 hivi, yaani miligramu 160 za kalsiamu. Glasi ya maziwa ya mililita 250 inakaribia 300. Tena sehemu ya kalsiamu ya mlonge imeshikwa na oksaleti, haiingii yote mwilini. Kijiko hicho bado kina thamani, hasa kwa nyumba ambayo maziwa hayaingii kila siku, ila si muujiza.

Muulize muuzaji swali moja tu: "Mama, haya majani mliyaanika wapi?" Akikujibu kivulini, juu ya chanja, chini ya wavu au ndani ya chumba chenye hewa, endelea kuzungumza naye bei. Akisema juani, kwenye turubai, aga kwa heshima. Kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba kina upepo na vumbi, na majani yaliyoanikwa chini hukusanya mchanga usiouona kwa macho. Tia kijiko cha unga kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha utulie, kisha umimine taratibu. Mchanga utabaki chini. Hilo jaribio la nyumbani, kwa hiyo mara ya kwanza nunua kifuko kidogo, usikimbilie kilo.

Rangi inakuambia mengi. Kijani kilichokolea ni dalili ya kivuli. Kijani kilichofifia kuelekea kahawia ni jua, au unga uliokaa dukani miezi mingi kwenye mfuko unaopitisha mwanga. Harufu iwe ya majani makavu. Ukisikia harufu ya uvundo, au ukikuta umeshikana madonge, uliingia unyevu, na penye unyevu kuvu hufuata. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata msiba wa sumukuvu. Chanzo kilikuwa mahindi, si mlonge, lakini mtu wa hapa hahitaji kufundishwa kuiogopa kuvu. Upapase pia kwa vidole: wenye vijiti na chengachenga umesagwa pamoja na matawi, unalipia kuni.

Uliofungashwa na kuandikwa jina la mtengenezaji, tarehe ya kusaga na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) nauweka juu ya ule wa kupimiwa kwa kopo. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS mwaka 2019, kwa hiyo pakiti inayojinadi bado kwa nembo ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ama ni ya zamani ama haifuatiliwi na mtu. Ukitaka kuonja wa watengenezaji wengi kwa siku moja, subiri Nanenane pale Nzuguni. Wasindikaji wadogo huja na bidhaa zao na unaweza kuwauliza moja kwa moja.

Nyumbani uhifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Usiuchemshe na uji. Epua kwanza, uache upoe kidogo, ndipo uutie.

Mbegu na mafuta: inategemea unataka nini

Mbegu hazipo kwenye shindano la lishe. Theluthi moja hivi ya uzito wake, wakati mwingine zaidi, ni mafuta, na mafuta hayo ni mazuri kweli: zaidi ya asilimia 70 ni asidi ya oleiki, iliyo nyingi pia kwenye mafuta ya zeituni, pamoja na asidi ya beheniki kidogo. Hayaharibiki upesi. Kwa ngozi inayopasuka wakati wa upepo wa Juni na Julai yanafaa, ila kichupa ni ghali, na kwa kupikia alizeti ya Singida inakutosha. Ukiyanunua, yawe ya kukamuliwa bila moto, ya njano iliyofifia, kwenye chupa ya rangi nyeusi.

Kinachonivutia mimi ni mashudu, yale mabaki baada ya kukamua. Yana protini zenye chaji chanya zinazonasa tope majini na kulizamisha. Wanawake wa Sudan wamesafisha maji ya Mto Nile kwa mbegu hizi tangu zamani. Kwa anayetegemea maji ya lambo, mbegu moja au mbili zilizomenywa na kusagwa kwa kila lita hupunguza tope vizuri; kisha uchuje na uchemshe, maana maji kuwa meupe hakumaanishi vijidudu vimekufa. Kama kuna mkamuaji karibu nawe, mwombe mashudu, kuna wanaoyatupa.

Chai ya mlonge

Kinywaji kizuri cha jioni, basi. Kwesetini na wenzake kiasi hutoka kwenye maji ya moto, lakini beta-karotini haiyeyuki majini na protini hubaki ndani ya kifuko unachokitupa.

Mwisho kabisa: vidonge

Kopo la vidonge 60 vya miligramu 500 lina gramu 30 za unga, yaani vijiko vinne. Linganisha bei yake na ya vijiko vinne vya unga mzuri. Juu ya hayo huuoni, huunusi, huwezi kuupima kwa glasi ya maji. Vinamfaa msafiri au asiyevumilia ladha. Kama kopo linadai kutibu, tafuta usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Usipouona, lirudishe rafuni.

Mizizi na magome yake sijayapa nafasi yoyote. Yana alkaloidi zenye sumu, na mjamzito asiyaguse hata akiambiwa na nani. Majani nayo yanaweza kushusha sukari na presha, na yana vitamini K inayopingana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayemeza warfarini, dawa za sukari au presha, au za tezi ya shingo, aende kliniki na pakiti yenyewe mkononi kabla ya kuifungua.