Ofisi ya kutafutiwa PhD nje: nyota mbili, na zote za dada wa mapokezi

Nimelipa laki moja na nusu kwenye ofisi moja hapa mjini inayosaidia watu kupata PhD nje, jina silitaji ila risiti nnayo. Kiyoyozi safi, soda wanakupa, lakini kaka niloelekezwa kwake suali la kwanza "unataka nchi gani?" hata hajaniuliza nasomea nini. Mie nataka mambo ya mwani, mamangu kaulima Paje miaka chungu nzima.

Kwake yeye PhD zote moja, unaomba, unapata admisheni, unapanda ndege. Wapi! Marekani waweza kuanza hata na digrii ya kwanza ila unakaa darasani kwanza, mitihani, ndo utafiti, miaka mitano na zaidi inakwenda, lakini vyuo vingi vinakulipia ada na posho unapata, nawe unafundishafundisha. Uingereza unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, miaka 3 au 4, pesa utafute skolashipu. Ujerumani unamsaka profesa mwenyewe akukubali, na vyuo vingi vya serikali ada hakuna, mchango wa muhula tu. Uholanzi na Norway ndo nilobaki mdomo wazi, mara nyingi PhD ni ajira kabisa, inatangazwa kama kazi na mshahara unapokea!! Na ipo ya kusajiliwa chuo cha huku huku nyumbani, ukaenda maabara za kwao miezi kadhaa ukarudi, kwa mwenye watoto kama mie hii tamu. Haya yote kanieleza mwalimu wangu wa zamani wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, barazani, kahawa na kashata, bure.

Kilichoniudhi khasa ni barua za kuwaomba maprofesa wanisimamie. Ofisi wameandika moja wakaituma kwa maprofesa 30, wengine hata jina la chuo halikubadilishwa, profesa mmoja akanijibu kwa upole kuwa chuo nilichokitaja si chake. Nilitamani ardhi inimeze yakhe.

Dada wa mapokezi lakini, mashallah, kanipangia vyeti, kaninyooshea CV, na yeye ndo aloona pasipoti yangu inakaribia kwisha. Ukienda mlipie kazi hiyo tu.

Barua ya pili nimeandika mwenyewe, ukurasa mmoja, kuhusu cottonii, aina ya mwani, inavyokufa maji yakipata joto na kina mama wanavyobaki na spinosum, mwani mwengine, ya bei ya kutupa. Profesa kajibu siku ya pili, tunaonana Zoom Jumatano saa tisa, umeme usikatike tu.