Makumbusho ya UFO ya Hakui, Japani: kitu cha kutazama si yule kiumbe wa mezani

Hakui ni mji mdogo wa watu wapatao 20,000 kwenye rasi ya Noto, mkoa wa Ishikawa. Makumbusho yake ya anga, Cosmo Isle Hakui, yalifunguliwa 1996. Jengo lina kuba, na nje imesimama roketi ya Kimarekani ya Redstone ya mita 26, kama mnazi uliokosa makuti. Kwa hiyo ukishuka stesheni huhitaji kuuliza njia: ni mwendo wa miguu wa dakika 8 hadi 10.

Nayapa nyota 4 kati ya 5. Ila wengi wanayatembelea vibaya. Wanakwenda moja kwa moja kwa sanamu ya kiumbe wa sayari nyingine iliyolazwa mezani, wanapiga picha, wanatoka. Sehemu ya UFO, yaani vitu visivyotambulika vinavyosemekana kuonekana angani, ni ndogo na nusu saa inaitosha. Vyombo vya anga vinataka saa moja na nusu, na hivyo ndivyo vinavyostahili nauli yako.

Usafiri kwanza, maana hapo ndipo watu hukwama. Kutoka Tokyo panda shinkansen (treni ya kasi) ya Hokuriku hadi Kanazawa, saa mbili na nusu hadi tatu kutegemea treni. Kanazawa unahamia reli ya Nanao hadi Hakui. Treni ya kawaida inachukua kama saa moja. Ekspresi ya Noto Kagaribi haifiki dakika 45, lakini inadai tiketi ya pili juu ya nauli. Tiketi ya nauli pekee haikupi haki ya kupanda ekspresi, hata viti viwe vitupu. Treni za kawaida si nyingi, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi kabla ya kutoka stesheni. Jumanne makumbusho yamefungwa. Siku nyingine ni saa 2:30 asubuhi hadi 11:00 jioni, muda wa Japani kwa hesabu ya saa ya Kiswahili. Kiingilio cha maonyesho ni yeni mia kadhaa, hakifiki bei ya bakuli la rameni (tambi za supu), na filamu ya kwenye kuba ina malipo yake. Beba noti na sarafu. Mazoea ya M-Pesa yaache nyumbani.

Kwa nini UFO, na kwa nini hapa? Wenyeji wana masimulizi ya zamani ya mianga iliyokuwa ikipita ubavuni mwa Mlima Bijo, kutoka mashariki kwenda magharibi. Waliiita Sohachibon, jina la matoazi ya hekaluni, yale ya shaba yenye umbo la kofia pana. Toazi moja ukiliangalia kwa ubavu, ni kisahani kiruka kamili. Mji ukakishika kisa hicho na kukifanyia kazi. Mmoja wa waliousukuma mradi ni Josen Takano, aliyekuwa mfanyakazi wa halmashauri na ambaye pia ni kasisi wa Kibuddha. Ndiye huyohuyo aliyeupeleka mchele wa kijiji cha Mikohara kwa Papa, ukapata soko. Ukijua hilo, hutashangaa mji wa wakulima kuwa na roketi.

Sasa ndani. Kiini cha ukumbi ni kapsuli ya Kisovieti ya aina ya Vostok, chombo kilichompeleka mtu wa kwanza angani, na hii si nakala: ilikwenda angani ikarudi. Ni mpira wenye kipenyo cha kama mita 2.3, umebabuka kama sufuria iliyopikiwa kuni miaka mingi bila kusuguliwa. Usisimame mbele yake tu. Uzunguke wote taratibu. Mpira huu hauna mabawa wala usukani. Wahandisi waliuwekea uzito upande mmoja, hivyo ulipoingia kwenye angahewa ulijigeuza wenyewe, upande mzito ukatangulia, kama kifuu chenye mchanga kinavyokaa sawa majini. Upande huo ndio uliopewa ngao nene zaidi ya joto, na ngao hiyo iliwekwa iungue polepole ili joto liondoke nayo. Halafu tafuta mlango wa duara. Yuri Gagarin, huyo mtu wa kwanza, tarehe 12 Aprili 1961 hakutua ndani ya mpira wake. Alirushwa nje na kiti akiwa kama kilomita 7 juu, akashuka kwa parachuti yake, kwa sababu kapsuli yenyewe iligonga ardhi kwa kishindo kisichomfaa binadamu.

Tahadhari moja: Vostok zilizobeba watu ni sita tu, kati ya 1961 na 1963. Mpira wa muundo huohuo uliendelea kurushwa miaka mingi baadaye ukiwa na kamera za kijasusi mahali pa kiti, katika setilaiti za Zenit. Kwa hiyo usiandike chini ya picha yako kwamba hiki ni kiti cha Gagarin.

Kutofautisha halisi na nakala kuna hesabu rahisi: jiulize chenyewe kiko wapi leo. Vyombo viwili vya Voyager, vya kuchunguza sayari za mbali, vilirushwa 1977 na havirudi, basi kilichopo ukumbini ni nakala. Magari ya mwezini ya Apollo 15, 16 na 17, safari za Wamarekani, yaliachwa kulekule, basi gari lililopo hapa nalo ni nakala. Hata hivyo nakala zina faida yake. Sahani ya antena ya Voyager ina upana wa mita 3.7, na hakuna picha ya kitabuni inayokuandaa kwa ukubwa huo. Chungulia pia ndani ya kapsuli ya Apollo, uone watu watatu walivyolazwa bega kwa bega. Kuna na chombo cha Kisovieti cha aina ya Luna 24. Mwaka 1976 safari hiyo ilileta udongo wa mwezi gramu 170 tu, kama kikombe kidogo cha sukari.

Kiumbe wa Roswell, mji wa Marekani ambako inadaiwa UFO ilianguka mwaka 1947, amelazwa mezani, na karibu naye kuna habari za UFO na nyaraka za serikali ya Marekani. Panachekesha, pana mvuto, basi.

Nyota niliyoipunguza ni ya maandishi. Maelezo mengi ni ya Kijapani, na ukumbi una giza la makusudi. Programu ya kutafsiri kwa kamera husumbuka kwa mwanga hafifu na mng'ao wa vioo. Pakua lugha ya Kijapani kwenye simu mapema, zima flashi, simama pembeni kidogo ya kioo, piga picha ya bango kisha tafsiri picha hiyo. Ukielekeza kamera moja kwa moja, maneno yanarukaruka.

Ukiwa na gari la kukodi, malizia Chirihama, ufuko wa kilomita 8 unaoendeshwa gari la kawaida, hata basi. Chembe za mchanga wake ni ndogo na zinalingana, zikishika maji hukazana kama sakafu. Endesha kwenye ukanda wa mchanga wenye unyevu. Mchanga mkavu wa juu utayazamisha magurudumu. Mawimbi yakiwa makubwa njia hufungwa. Ukitoka, osha chini ya gari kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka.